Sajini Akiulizwa Hali

3 Machi

Wifi Dobi,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama na magoti yake, nayasalimu na mashuka yote ya hoteli unayoyapiga pasi. Sisi huku tupo. Sisemi hatujambo, maana maneno ya namna hiyo yametuponza juma hili. Nyumba haijavuja, saluni yangu pale sebuleni inapata wateja, na jirani wa kushoto amejifungua mapacha wanaolia kwa zamu.

Sasa nikwambie alichonifanyia mdogo wako, huyu Sajini wangu.

Unajua kuna ile nyongeza juu ya pensheni yake, ya wanajeshi walioumia kuliko wengine, wale wasioweza kuachwa peke yao hata kidogo. Wakikupa daraja la kwanza, wanakulipia msaidizi aliyefunzwa anayekaa na mgonjwa usiku na mchana. Nilihangaikia jambo hili mpaka soli ya kiatu ikaisha. Hatimaye tukaitwa mbele ya jopo la madaktari.

Mwenyekiti wao ni kanali. Amekuja na magwanda, pasi imenyooka hata wewe ungeisifu. Alipoingia tu nikaona kidevu cha Sajini kinapanda. Nikajisemea, leo tumekwisha.

"Hali yako, Sajini?"

"Mzima, afande!"

"Unapatwa na matatizo ya ghafla?"

"Hakuna, afande!"

"Usiku je?"

"Safi, afande!"

Wifi, mtu huyu risasi ilimpiga shingoni, kuanzia hapo kwenda chini hana chake. Hawezi kujifukuzia nzi. Mzima wa nini? Nikafungua mdomo, kanali akaniambia taratibu kwamba jopo linamsikiliza mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa yuko wapi? Mgonjwa yuko kwenye gwaride!

Na hapohapo mgeni akaja. Unakumbuka ndivyo tunavyouita ule ugonjwa wake. Mpira wa mkojo ukijikunja, mkojo ukakosa pa kutokea, yeye hahisi kibofu kujaa, ila mwili wake unapandisha presha ghafla, inapanda mpaka mshipa wa kichwa unaweza kupasuka. Dalili ni jasho la paji la uso na vinyweleo vya shingo kusimama. Inabidi umkalishe wima na utafute kilichojikunja, upesi, la sivyo unamzika. Mkanda wa kile kiti chake cha magurudumu ulikuwa umeubana mpira. Jasho linamdondoka puani, naye anajibu safi, afande! Nikamrukia, nikafungua mkanda. Kanali akainua kichwa kwenye makaratasi yake, akauliza kuna nini.

"Joto tu, afande," akasema huyo mdogo wako.

Wametupa daraja la pili. Mtu wa kuja asubuhi, amwogeshe, aende zake. Nimekata rufaa. Ni lazima ipite kabla ya katikati ya mwaka. Usiniulize kwa nini, ni lazima tu.

Wifi yako Msusi


20 Machi

Wifi Msusi,

Barua yako nimeisomea chumba cha pasi, nikacheka kwa sauti, kisha nikaketi kwenye kapu la mashuka machafu nikalia. Msimamizi akanikuta hivyo hivyo. Nikamwambia ni sabuni.

Mama anakusalimia. Magoti yake yamekuwa redio, kila asubuhi yanatangaza mvua. Anasema huyo mtoto alikuwa hivyo tangu utotoni. Alipovunjika mkono akaenda shuleni nao siku nzima, mwalimu ndiye aliyegundua. Tulimsifu. Laiti tungemchapa.

Hivi umemkaripia vya kutosha? Mwambie dada yake amesema kiburi hakimgeuzi mtu kitandani.

Lakini wifi, na wewe nina neno nawe. Mwandiko wako ulikuwa umelala kama mistari ya pasi, safari hii unapanda na kushuka. Na hiyo "usiniulize" yako ndiyo inayonifanya niulize. Kuna nini katikati ya mwaka?

Nimekutumia kanga mbili. Moja ni yako, usimtandikie yeye.

Dobi


11 Aprili

Wifi Dobi,

Kanga zimefika, Mungu akuzidishie. Mapacha wa jirani wamejifunza kulia pamoja. Mvua zimeanza, magoti ya mama yana haki yake. Mwandiko ni kalamu mbovu.

Mgeni alikuja Jumanne mchana. Nilikuwa namsuka mwalimu wa chekechea, nusu kichwa kimekwisha, nusu bado manyoya. Nikasikia Sajini anaita, na hakuita jina langu, aliita "we!" tu. Akiita hivyo najua. Nikakimbia. Jasho tele. Nikamshika kwapani nimwinue kama siku zote, mkono wa kulia ukakataa.

Ulikataa, wifi. Niliuamrisha, ukabaki kama wa mtu mwingine. Yeye ameshaanza kuona giza, ananitazama. Nikapiga kelele. Yule mwalimu akaja na kichwa chake cha nusu nusu, akamsukuma mgongoni huku anamwomba Mungu kwa sauti, mimi nikatafuta ule mpira kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa umelaliwa na paja. Mkojo ulipotoka, nilikaa chini sakafuni. Mpaka leo nikimwacha kwenda kuchota maji nakwenda mbio, narudi mbio.

Mkono umechoka tu, ni kazi ya kusuka. Wasusi wote mikono inawauma.

Rufaa tumepangiwa tarehe kumi na saba Juni. Nina ombi. Mwezi huo wa sita mwanzoni, unaweza kuja kukaa naye majuma matatu hivi? Nina safari kidogo. Shangazi yangu hajisikii vizuri.

Msusi


2 Mei

Wifi,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na sababu nzuri nzuri, nimeziandika kwenye karatasi nyingine nikazichana. Kwamba mama hana wa kumwachia, wakati mama mdogo anakaa mlango wa pili. Kwamba hoteli haitanipa likizo, wakati nina likizo za kuoza.

Ukweli ni kwamba naogopa. Nilipokuja kwenu mara ya mwisho mgeni alikuja mimi nipo, wewe ukafanya mambo yako, mimi nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo na vidole masikioni. Mdogo wangu huyo nilimbeba mgongoni. Je, akifia mikononi mwangu? Nitamwambia nini mama?

Na wewe unanidanganya. Shangazi gani? Tangu siku ya harusi yenu hamsalimiani naye, alisema sufuria aliyokuletea ni nzuri kuliko bwana harusi. Leo ndiyo umuuguze majuma matatu?

Niambie kinachokusumbua ndiyo nije. Usiponiambia siji.

Dobi


14 Mei

Wifi,

Ni uvimbe. Uko kwenye titi la kulia, umeshapanda kwapani, ndiyo maana mkono umekufa ganzi. Hospitali kuu wanataka kukata, halafu dawa kali, miezi. Wamenipangia tarehe mara mbili, mara mbili sikwenda. Daktari amesema ikipita katikati ya mwaka hatajua aniambie nini tena.

Nitalalaje kwenye kitanda cha hospitali, nani atatazama paji lake la uso? Huyo wa asubuhi anaogesha, anaondoka. Mgeni haji asubuhi kwa ahadi. Mimi nikifa yeye anakufa juma hilo hilo, na hata nikipona nitarudi nimkute nani?

Sajini hajui. Usithubutu kumwambia. Ukimwambia sitakusamehe.

Njoo.

Msusi


7 Juni

Wifi wa moyo wangu,

Barua hii naituma wodini kwako, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani kama ulivyonielekeza. Mama yuko kwa mama mdogo, wanagombana kuhusu chumvi, maana yake wazima. Mapacha wa jirani nimewasikia kwa masikio yangu, nakupa pole. Wateja wako nimewaambia saluni imefungwa. Mmoja akaniomba nimsuke mimi, nikajaribu, ameondoka amejifunga kitambaa.

Nakuandikia huku nimekaa mlangoni kwa Sajini nimwone uso. Nimehamishia kila kitu mlangoni, kula kwangu, kushona kwangu. Napumua akipumua. Wifi, umewezaje? Mimi sijamaliza juma nimekwisha.

Mgeni amekuja juzi. Sikukimbia. Nilitaka, miguu iligeuka kabisa. Lakini nyuma yangu hapakuwa na wewe. Nikamkalisha, nikafungua vifungo, nikafuata mpira toka juu mpaka chini kama ulivyonionyesha, nikaukuta umepinda chini ya goti. Alipotulia akaniambia, "Dada, unatetemeka kuliko kuruta." Nikampiga kibao cha bega, nikakumbuka hahisi, nikampiga cha shavu, kidogo.

Kila asubuhi ananiuliza, "Shangazi wa mke wangu anaendeleaje?" Namjibu anaendelea. Anasema, "Mungu amponye." Ananitazama, mimi naangalia dirisha. Naona haya.

Jana nilimtolea uvivu. Nikamwambia kiburi chako cha "mzima, afande" kitamuua mke wako kwa kazi. Nilisema kwa kazi tu, sikusema lingine. Halafu akanisimulia habari za Kijiko.

Unamkumbuka Kijiko, rafiki yake, yule koplo mlafi aliyeumia naye siku moja. Kijiko alisema ukweli mbele ya jopo, kila kitu. Wakaona mtu huyu hana mke wala ndugu karibu, wakampeleka kwenye nyumba ya majeruhi. Nyumba safi, anasema, vitanda vyeupe. Siku moja mgeni akamjia Kijiko. Mhudumu alikuwa mpya kazini, akaona jasho, akadhani homa. Akamlaza chali, akamfunika blanketi. Kijiko anapiga kelele "niinueni," wao wanamwambia tulia, mzee, homa itashuka. Mwenzake wa kitanda cha pili, naye asiyeweza kuinuka, ndiye aliyeshuhudia mpaka mwisho, na ndiye aliyemsimulia Sajini.

"Nikisema sijiwezi, dada, watanipeleka kule," akaniambia. "Watanilaza chali."

Kumbe ni hivyo, wifi. Sisi tunasema kiburi, na mwenzetu anaogopa kama mtoto. Anaogopa hata jina la ile nyumba, amelitaja kwa kunong'ona. Sasa nafanyaje? Rufaa imebaki siku kumi, atasema mzima tena, nami simlaumu.

Wamekupangia lini? Hujaandika.

Dobi


12 Juni

Wifi,

Nimeipata. Sikujua habari ya Kijiko. Miaka yote nalala naye chumba kimoja sikujua. Aliniambia Kijiko alikufa kwa homa.

Hapa tunakula, tunalala, wananipima damu kila saa kama nina deni nayo. Mwanamke wa kitanda cha jirani ana mzaha sana, jana hakuamka. Wamebadilisha shuka.

Daktari wa kukata amekuja mara mbili na lile karatasi la kutia sahihi. Nimemwambia nasubiri majibu ya jopo. Siwezi kulazwa na dawa ya usingizi sijui nani atakaa na mume wangu wewe ukiondoka. Amekasirika, amesema, mama, jopo la nani tena? Wewe niandikie tu ilivyokwenda. Wakikataa nachukua kanga zangu nakuja nyumbani, na usinizuie.

Mtazame kwenye vinyweleo vya shingo, vinatangulia kabla ya jasho.

Msusi


18 Juni

Wifi yangu,

Leo sina salamu ndefu. Mama mzima, mapacha wazima, mimi bado nina miguu miwili. Sikiliza.

Jana kanali alikuwa yule yule, na pasi ile ile. Tumeingia, mimi nasukuma kiti, mikono inateleza kwa jasho langu mwenyewe. Nilikuwa nimeshapanga nikifukuzwa nitakaa chini pale pale, wanibebe. Kanali akafungua jalada, akauliza, "Hali yako, Sajini?"

Safari hii kidevu hakikupanda. Nikamtazama shingo, nikidhani mgeni. Hakuwa mgeni.

"Naogopa, afande," akasema.

Kanali akaweka kalamu. "Unaogopa nini?"

Wifi, alisema yote. Alisema kuhusu Kijiko, blanketi na zile kelele. Alisema kwamba siku ile ya jopo la kwanza alikuwa anakufa mbele yao akajibu ni joto. Kanali uso ulimbadilika, akarudi nyuma kwenye kiti chake kama aliyesukumwa. Alisema hawezi hili, hawezi lile, moja baada ya jingine, mambo mengine sikuyajua nami ni dada yake, na mengine nisingependa kuyasikia. Sauti ilikuwa inakatika. Sikuwahi kumsikia hivyo tangu utoto.

Kanali akamuuliza, "Nani anakuhudumia sasa?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

Nikaingilia haraka, nikasema amekwenda kumuuguza shangazi yake. Sajini akageuza shingo, hiyo tu anayoweza kuigeuza, akaniangalia kwa huruma.

"Dada, yule shangazi hata akifa mke wangu hataenda kuzika," akasema. Halafu akamwambia kanali, "Mke wangu ni mgonjwa, afande. Ana uvimbe, anaficha. Miaka yote ananiinua kwa mkono wa kulia, ameanza kuniinua kwa wa kushoto. Sihisi mwili, lakini uso wangu unakuwa kifuani kwake kila siku. Nausikia huo uvimbe kwa shavu langu. Nilijua kabla yake. Nikanyamaza kwa sababu nilijiuliza, akienda hospitali nani ataniinua? Niliiogopea nafsi yangu, afande. Nimemwacha anaoza kwa ajili ya woga wangu."

Nisamehe nimeandika neno hilo, ndilo alilolisema. Nililia mbele za watu wazima, nao hawakuniambia ninyamaze.

Tumepewa, wifi. Daraja la kwanza, anakaa nyumbani kwake, hakuna wa kumhamisha. Kanali mwenyewe ametutafutia mtu, na leo asubuhi kafika. Ni mama mmoja mnene, nesi wa jeshi mstaafu, ameingia na begi lake, akamwambia Sajini, "Mimi siambiwi safi, afande. Mimi naambiwa ukweli au nakuvuta sikio." Alasiri mgeni akaja, na kabla sijainuka pale mlangoni kwangu yule mama alikuwa ameshamkalisha, ameshafungua, ameshamaliza. Sikuona hata jasho. Nimelala usingizi wa kwanza tangu nije, nimelala kitini na mdomo wazi.

Sasa ni wewe, wifi. Mtu wa kukaa naye yupo. Jopo limejibu. Nimeisoma upya barua yako, ile ya mwanamke wa kitanda cha jirani na shuka zake, nikaelewa. Hukuwa unamsubiri kanali. Unakiogopa kisu. Ulimweka Sajini mbele yako kama pazia, naye alikuweka wewe mbele yake, mkafichana hivyo ndani ya chumba kimoja. Mimi siwacheki, mimi ni yule wa nyuma ya choo.

Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza nikupe ujumbe gani. Akasema, "Mwandikie atie sahihi leo leo. Mwambie ni amri."

Nikamwambia, we mtoto, mke haandikiwi amri.

Akafumba macho. Yule nesi akasimama, akidhani mgeni, akamshika shingo, akakuta si mgeni, akarudi kukaa. Akalia mdogo wangu, machozi yanaingia masikioni, hana mkono wa kuyafuta, nikamfuta mimi kwa ile kanga yako uliyoiacha.

"Basi usiandike amri," akaniambia. "Andika namwomba."

Dobi